Sumaku ya Zakaria

Granville, Sydney

Mjukuu wangu Zakaria,

Huku tu wazima. Bibi yako anasumbuliwa na magoti, na binamu zako ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza.

Barua yako imenikera. Eti madereva wenzako huko Ulaya wanabandika sumaku ili kifaa kinachorekodi saa za kuendesha kidanganyike kuwa lori limepumzika. Nawe umeshanunua yako. Nchi moja faini ni kali, nyingine polisi hawaangalii, basi unaniuliza uitumie wapi. Unaniuliza mimi?

Nilipoendesha malori kati ya Dar na Kigoma hatukuwa na kifaa. Kwenye vizuizi vyote askari walitupungia mkono tu, isipokuwa kimoja. Askari wa pale alikushusha, akakupa chai. Ukisinzia kabla haijapoa, anachukua ufunguo. Tulimchukia sana. Siku moja nilisinzia. Nilimtukana, kisha nikalala kwenye benchi lake. Rafiki yangu aliyekuwa nyuma yangu alinicheka, akazunguka njia ya porini kumkwepa.

Jioni nilirudishiwa ufunguo, nikafika Kigoma. Rafiki yangu hakufika.

Aliitwa Zakaria. Itupe hiyo sumaku, ndipo utupigie simu.

Babu yako