Siku ya Tisa Bila Jiko Langu

Jumanne. Rasharasha tangu alfajiri, na mtaa wetu wote wa Magongo, hapa Mombasa, umekuwa tope. Naandika haya kwa simu, nimeketi kwenye chumba cha kusomea nyuma ya kanisa, nimevaa ovaroli ya kiwanda ambacho hakinijui tena.

Mama yupo. Alikuja kutoka Makueni wiki iliyopita, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba kiwandani nilipunguzwa kazi mwaka jana. Mimi ndiye niliyesema asiambiwe. Kule kijijini amewatangazia wote kuwa mwanawe anaendesha mashine Mombasa. Basi kila asubuhi navaa ovaroli, namuaga, nakuja kujificha hapa mpaka saa kumi na moja jioni.

Acha niseme ukweli, maana nimechoka kuumeza. Huu mwaka wa kukaa nyumbani ndio mzuri kuliko yote niliyowahi kuishi. Mke wangu Syombua huenda kazini kwake bandarini, binti yetu Mwende huenda shule, nami hubaki na nyumba yangu. Napika. Nimejua kukanda mahamri mpaka jirani yetu Mama Saida, mzaliwa wa huku huku, akauliza nimefunzwa na nani. Mchana nasoma. Jioni namsomea Mwende kurasa mbili tatu huku wali wa nazi ukikauka maji, na nikiruka hata mstari mmoja ananikaripia.

Na nafuma kiondo.

Hilo ndilo zito. Kwetu Ukambani mwanamume huchonga vinyago; kiondo, kikapu cha nyuzi, ni kazi ya wanawake. Kwa kupoteza kazi, mama angenililia tu. Kwa kiondo, sijui angefanya nini.

Chumba hiki kina vitabu tele na sisomi. Tangu asubuhi niko ukurasa ule ule. Natazama saa, nawaza kama kuna aliyekumbuka kuloweka maharagwe. Jioni nakaa sebuleni kama mgeni rasmi, pua inaniambia vitunguu vinaungua, wala siwezi kuinuka, kwa sababu mama ananitazama na kuniambia pumzika, umeshinda kazini. Syombua anarudi amechoka hoi, anatuletea wali uliogeuka uji, nasi tunamsifu. Mwende hula kimya huku akinitazama. Tumemfundisha uongo mtoto wa miaka saba, na ameushika upesi kuliko hesabu za shule.

Hilo naliona aibu kuliko ovaroli yenyewe.

Ijumaa nusura yafichuke. Mama Saida alinikuta mlangoni, mama akiwa nyuma yangu.

"Baba Mwende, waenda wapi na ovaroli? Kwani wamekurudisha?"

Nikamwambia nimechelewa, tutaongea jioni, nikaondoka mbio kwenye tope. Nikajidanganya kwamba mama hakusikia.

Kisha jana. Mama alikuwa akitafuta shuka kabatini, akakiona kiondo changu kikiwa nusu. Niliporudi nilimkuta amekipakata sebuleni. Syombua alikuwa ndio kwanza ameingia, hata viatu hajavua.

"Hiki nani anafuma?" mama akamuuliza.

"Ni mimi, mama," Syombua akajibu.

Mama akakigeuza, akapitisha kidole juu ya mistari, polepole. "Kazi safi," akasema, akakirudisha alipokitoa. Nikashusha pumzi.

Niliishusha mapema. Mama anaujua mkono ule. Nilipokuwa mdogo, alipokuwa akifuma, nilikuwa nakaa mbele yake, uso kwa uso, nikimwiga kwa nyuzi alizobakisha. Kwa kuwa nilimtazama kutoka mbele, ufundi niliushika kinyume. Mistari yake hulalia kulia. Yangu hulalia kushoto. Alikuwa akicheka, anafumua yote, ananifukuza nikacheze mpira na wenzangu. Syombua hajawahi kufuma hata kamba ya kufungia mbuzi.

Leo asubuhi mama alinipa mfuko mlangoni, kwa mara ya kwanza tangu aje. Akasema ni cha mchana. Nimeufungua saa nne, njaa ikiwa haijauma, kwa sababu hapa hakuna kingine cha kufanya. Viazi vitamu vya kuchemsha, vimefungwa kwa kitambaa, bado vina joto. Chini yake kiondo changu, na bonge la uzi wa katani aliousokota mwenyewe.

Kimeongezwa mistari minne. Yote imelalia kushoto.

Nimelia. Sioni haya kuandika hivyo. Mama yangu, kwa vidole vilivyofuma upande mmoja maisha yake yote, amefuma kwa kukosea kwangu.

Sasa ni saa tano, na mvua imekatika. Nyumbani ni mwendo wa dakika kumi na mama yuko peke yake. Naweza kwenda nikavua ovaroli mbele yake, nikaingia jikoni, Mwende akirudi asikute uongo wowote wa kushika. Nimeinuka mara mbili na mara mbili nimeketi tena, kwa sababu sijui mama ameniambia nini. Pengine amesema: najua, mwanangu, rudi nyumbani. Pengine amesema: najua, basi fumia huko huko unakojificha, watu wasikuone, urudi saa kumi na moja.

Ni lipi, mama?