Panga la Baba

Elieshi mdogo wangu,

Uji wa Baba uko kwenye chupa, usithubutu kuutia sukari. Dawa ya presha ameshameza. Mimi nakimbilia kazini Kijenge, nimeshachelewa.

Asubuhi Baba amejaribu mara tatu ndipo akainuka kitini. Nikampigia nesi wa kliniki ya kisukari, akaniuliza ameacha kazi tangu lini. Tangu nilipomnyang'anya panga, nikidhani namhurumia! Kumbe ugonjwa unamla misuli, na kukaa bure kunamalizia.

Mgomba wa kulisha ng'ombe ~~ukate wewe~~ hapana, aukate Baba, kidogo kidogo. Wewe simama karibu, usimshike mpaka aombe.

Panga liko chini ya godoro langu. Alipolitafuta nilimwambia limeibiwa. Ukimpa, mwambie mwizi ni mimi.

Dada yako