Chupa Tatu Safi za Kisima Chetu

Élisabethville, Ijumaa, mwezi wa tisa. Jua kali, vumbi jekundu, mvua bado iko mbali.

Leo nina kinyaa. Nimenawa, nimekunywa chai, nimejaribu kula bukari, ugali wetu. Hakuna kinachoshuka.

Kazi yangu ni ya chupa. Maabara ya serikali hunituma kuchota maji ya visima katika mitaa yetu sisi Waafrika. Mzungu wangu anayapima, mimi naandika matokeo kwa hati yangu nzuri ninayoringa nayo. Kisima kikionekana kibaya, serikali inaleta bomba. Chetu kimepimwa mara tatu, na mara tatu nimeandika "maji mazuri". Basi bomba linakwenda kwa wengine, na binti yangu Veronika, wa miaka mitatu, anaharisha damu tangu Jumapili.

Asubuhi nilipita kisimani bila kutumwa. Panya alikuwa akielea, amevimba. Jirani yangu mmoja alimsukuma kando kwa kata, akachota, akajitwika ndoo yake. Nilitema mate mpaka koo likauma.

Nikamwuliza Mama Kalenga, anayetunza kisima, imekuwaje. Alishangaa kuulizwa.

"Baba Veronika, leo hatukujua kama unakuya! Barua yako ikifikaka, tunatosha mayi yote, tunafagia, tunamwanga mayi ya bomba ya ku mission. Mugeni anakuya, utamupa bucafu?"

Barua. Naipeleka mimi mwenyewe, siku mbili kabla ya kila kipimo, watu wasishtuke kumwona karani na chupa zake. Nao wakakikausha kisima, wakakijaza maji ya bomba la misheni, wakaipokea chupa kama wanavyompokea mkwe.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mgeni amekuja mara tatu, na mwenyeji anazidi kuumwa.

Mama Kalenga simlaumu hata kidogo. Najichukia mimi. Niseme ukweli hapa, maana kwingine siwezi: maji ya nyumbani niliyaona yana rangi. Niliamini karatasi kuliko macho yangu, kwa sababu karatasi niliiandika mimi. Tena mimi hunywa ya kazini.

Nilijaza chupa, nikampelekea mzungu, nikamweleza yote: panya, barua, maji ya mission. Aliiinua dirishani, akakunja uso. Kisha akafungua orodha yake. Kisima chetu hakimo wiki hii.

"Mayi iko muzuri," akasema, akigonga karatasi ya matokeo yangu ya zamani. "Papier iko nasema."

Akayamwaga kwenye sinki. Tone moja likamrukia kidoleni.

Akanawa kwa sabuni. Akanawa tena.

Nami nikajibu, "Oui, monsieur." Hiyo "ndiyo, bwana" nayo inanitia kinyaa, labda kuliko panya.

Sasa mke wangu anachemsha kila tone linaloingia nyumbani. Veronika amelala, macho yamezama, mkono wake umeshika kitenge cha mama yake. Majirani hawana kuni za kuchemsha maji kila siku, na wataendelea kunywa yale yale mpaka bomba lije.

Wiki ijayo ni zamu ya kisima chetu. Nimekabidhiwa barua jioni hii, ina mhuri, iko hapa mezani. Najua Mama Kalenga ataona haya mbele ya watu, mgeni akikuta nyumba haijafagiliwa. Huenda asinisalimie tena.

Barua hii haifiki.