Kibandiko cha Chini

Dada yangu mpenzi,

Salamu kwanza, maswali baadaye. Mguu unaendeleaje? Bado unatabiri mvua kuliko redio? Mimi mzima, ila wifi yako anasema siku hizi nikibisha hodi, hupokea kitambi kwanza, mimi nafuata.

Habari kubwa ni kwamba duka limefungwa. Ndiyo, lile lile. Siku ya Bei Chini, ambayo watu waliipangia foleni tangu alfajiri kila sikukuu zikikaribia, imekufa. Safari hii walikuja watu wanne, na mmoja alikuwa anakimbia mvua. Bwana Punguzo, kama tulivyomwita meneja nyuma ya mgongo wake, alisimama mlangoni na kipaza sauti akikaribisha wateja, mwangwi ukamkaribisha yeye. Nilijificha nyuma ya majokofu nikacheka hadi nikashikwa na kwikwi. Mungu anisamehe, ila asiharakishe.

Wengine wanasema simu ndizo zilizoiua, kwamba watu wananunua wakiwa kitandani. Waache waseme.

Unajua kazi yangu ni kubandika bei. Kila mwaka, wiki mbili kabla ya Siku hiyo, meneja alituagiza tuzipandishe, ili siku yenyewe tuzishushe mpaka juu kidogo ya zilipokuwa. Sharti lake moja: vibandiko vya zamani visuguliwe kwa mafuta ya taa, isibaki hata gundi. Mwaka uliofuata baada ya wewe kuumia mguu pale dukani, niliyasahau mafuta ya taa. Nilisahau rafu nzima, Dada. Nilisahau kwa bidii. Nikabandika vipya juu ya vya zamani, pembe nikaziacha zimeinuka, zinamwita mtu.

Mama mmoja kwenye foleni akabandua kwa ukucha, akakuta chini bei ndogo kuliko aliyoikimbilia. Akamwuliza Bwana Punguzo kama kilichopunguzwa ni bei au akili zao. Punde duka zima linabandua! Meneja alinigeukia, nikamwambia ni macho, uzee huu. Kunifukuza aliogopa, maana ningeyasema yote nje. Mwaka wa pili wakaja nusu. Wa tatu walikuja kubandua tu, wakacheka, wakaenda zao.

Sikumwonea huruma hata chembe. Kila nikimtazama nilikuona wewe sakafuni, umati umeshakupitia juu, naye anakuinamia. Nilidhani anakuinua. Aliokota sufuria uliyoikumbatia, akaipangusa, akairudisha rafuni.

Sasa kaa kitako, Dada. Miaka yote umemlaani mlinzi kwa kufungua mlango kabla watu hawajapangwa. Mlinzi alikataa. Bwana Punguzo akanipa mimi ufunguo, akasema nifungue au niende nyumbani. Niliwaona watu walivyobanana kwenye kioo. Nilikuona na wewe mbele, unanipungia mkono, umefurahi kwamba ni mdogo wako anayefungua. Nikaugeuza. Ulipozinduka hukukumbuka, nami nikakuacha umlaani mtu asiye na kosa.

Meneja nimemlipa. Mimi bado sijalipwa.

Ufunguo wenyewe umo humu kwenye bahasha. Mlango wake umeshang'olewa. Mwezi ujao nitakuja. Nitabisha hodi, kisha nitangoja kizingitini na kitambi changu. Kufungua au kutofungua ni juu yako, na safari hii hakuna wa kukuamuru.

Nisalimie shemeji na wanangu wote hapo.

Ni mimi, mdogo wako uliyemfundisha kufunga viatu,

Mbandikaji