Hesabu ya Inzi wa Kasoli

Morogoro,
3 Oktoba 2005

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila kazi inanichosha. Mama hajambo? Mguu wake umepona?

Kondakta wa basi atakuletea boksi. Ndani mna makopo matano yenye pamba iliyolowekwa dawa. Ni mitego ya inzi wa matunda, yule mgeni anayetaga ndani ya embe, mama akikata anakuta funza. Yaning'inize kwenye miembe yetu. Kila Jumamosi fungua, hesabu waliokufa, uniandikie. Ni wiki kumi na mbili tu. Ukanda wote wa pamba hatuna kituo kingine cha utafiti wetu. Bila namba zako, wakubwa watasema Bariadi hakuna shida na dawa itapelekwa kwingine.

Mwanao,
Klementina


Kasoli,
24 Oktoba 2005

Mwanangu Klementina,

Mwangaluka. Sisi tupo. Mguu wa mama yako unauma vilevile, hasa zikifika siku za kulima.

Makopo nimeyaning'iniza siku ileile. Tangu ushirika ufe, kila mnunuzi wa pamba anakuja na mzani wake na maneno yake, kwa hiyo mama yako anategemea embe za kupeleka soko la Bariadi, na nusu anazimwaga. Hiyo dawa tunaihitaji kweli.

Wiki ya kwanza: wengi. Wiki ya pili: wengi zaidi.

Usinicheke. Unajua nilivyolelewa. Ng'ombe hahesabiwi, ukimhesabu anakwisha. Mchungaji anaangalia zizi tu, anajua nani hayupo. Inzi nao nimewaangalia. Ni wengi.

Baba yako,
Mayunga


Morogoro,
5 Novemba 2005

Baba,

Shikamoo, na mama mpe shikamoo yake. Nimecheka mpaka bosi wangu akaja kuuliza kuna nini. "Wengi" haiingii kwenye jedwali, baba! Naomba namba, mmoja mmoja. Inzi si ng'ombe. Na kama kuhesabu kunamaliza, si ndicho tunachotaka? Basi wahesabu kwa sauti, waishe upesi.

Kesho naenda Tanga kukagua mitego ya huko.

Mwanao,
Klementina


Kasoli,
5 Desemba 2005

Mwanangu,

Mwangaluka. Afya si mbaya, moyo ndio umechoka.

Wiki ya tatu na ya nne barua yako ilikuwa haijafika, niliwaangalia tu. Ya tano, 312. Ya sita, 287. Ya saba, 190. Ya nane, 204. Nilihesabu kwa sauti kama ulivyosema, na nilianza kuona raha yake.

Sasa sikiliza. Jumamosi moja nilikuwa chini ya mwembe wa njiani, nimefika sabini na kitu, jirani yetu Nyanda akapita na ng'ombe wake kwenda kunywesha. Alisimama, akaniangalia, akaondoka. Mimi nikaendelea tu, nisije nikapoteza hesabu. Wiki hiyohiyo ng'ombe wake wawili wakafa. Amewaambia watu kwamba Mayunga alisimama njiani akahesabu mifugo yake. Nilimwonyesha kopo. Akasema, "Mayunga, tumekua wote. Nani anahesabu inzi?"

Sasa wengi hawatusalimii. Mama yako alikwenda mashineni kusaga, wanawake wakanyamaza mpaka alipotoka. Alilia njia nzima.

Kikao cha kitongoji ni tarehe 18. Niletee barua ya ofisi yenye muhuri, iwaeleze ninachohesabu. Mwanangu, usichelewe.

Baba yako,
Mayunga


Morogoro,
4 Januari 2006

Baba yangu,

Shikamoo. Sijui hata nikuulizeje hali. Nimerudi jana kutoka Tanga, nikakuta barua yako mezani, ina wiki nne. Nimeona aibu. Kwa sauti nilisema mimi, tena kwa utani.

Barua yenye muhuri ni hii. Bosi ameeleza yote. Mpelekee mwenyekiti hata kama kikao kimepita.

Nisamehe kwa hili pia: wiki zilizobaki ulihesabu? Nikizikosa, Kasoli inaondolewa.

Mwanao,
Klementina


Kasoli,
21 Januari 2006

Mwanangu Klementina,

Mwangaluka. Sisi wazima, tumekaa nyumbani tu.

Kikao kilipita, lakini mwenyekiti alikubali kuwaita tena. Salu, mwalimu, akasoma barua ya ofisi yako mbele ya wote. Ilipofika pale inaposema Mayunga anahesabu kila Jumamosi kwa kazi ya serikali, Nyanda akasimama. Akasema, "Mmesikia. Kumbe ametumwa." Hawakuisikiliza iliyobaki.

Usijilaumu. Uliniambia nihesabu inzi, ng'ombe wa Nyanda walikufa kwa ugonjwa wao.

Wiki ya tisa, 141. Ya kumi, 96. Ya kumi na moja, 38. Ya kumi na mbili, 6. Nilihesabu zote, kimyakimya. Kasoli wasiiondoe. Dawa ikija wapewe wote, na Nyanda apewe.

Mama yako anasema inzi wamepungua kwa sababu embe zimekwisha. Mimi nawaza wazee wangu. Nimehesabu inzi, wamekwisha. Nikahesabu na nyumba zinazotusalimia: zilikuwa tisa, zikawa nne, sasa hakuna. Amebaki mtu mmoja anayetuamkia, naye yuko Morogoro.

Huyo sitamhesabu.

Baba yako,
Mayunga