Mashine ya Baba Yako

Omosa mwanangu,

Chai yetu haijambo, mvua imetosha. Simu uliyotuma ilifika, na fundi hapa Ekerenyo alihamishia humo kila kitu kutoka kwa ile mashine kuukuu ya mkononi ambayo baba yako huandikia mambo yake. Ni kweli mashine hiyo inakufa. Weusi unapanda kwenye kioo.

Lakini tangu ugonjwa wa kusahau umshike, simu hiyo anaiona ngeni. Hunirudishia akisema, "Mama, umesahau simu yako." Kila asubuhi huwasha mashine, akasoma, "Gladys, mke wangu," ndipo hunisalimia.

Simu nimeirudisha kwa boksi. Tutabaki na mashine. Weusi umebakiza mstari mmoja tu kufikia jina langu.

Mama yako,
Gladys