Kusugua Taa Hombo

Jumatano, Hombo

Wiki ya pili sasa nimekwama hapa na gari yangu, na barabara ya kurudi nyumbani Butembo ingali imefungwa. Leo nimeshindwa kukaa bure. Nikachukua musasa, maji na dawa ya meno, nikaanza kusugua taa za gari. Plastiki yake ilikuwa imegeuka manjano, giza likiingia naendesha kwa kubahatisha tu.

Mama Furaha, mwenye nyumba ninamolala, akasimama kunitazama.

"Papa, unatengeneza taa ya kwenda wapi?"

Nilikasirika, nikaendelea kusugua. Ana haki.

Saa kumi bibi yangu Kavira akapiga simu kutoka Butembo. Maumivu yameanza. Ni mutoto wetu wa kwanza.

"Uko wapi?"

"Niko bado Hombo, njia iko imefungwa. Lakini nimesafisha taa. Wakifungua tu, hata usiku nitakuja."

Nilimusikia anapumua kwa nguvu.

"Mutoto hataulizia barabara," akasema.

Kisha mama yake akachukua simu, akasema wanaenda hospitali, ikakatika. Tangu hapo sipati mtandao.

Nilirudi kwa taa ya kushoto, nikaisugua mpaka ikang'aa. Sikuwa na kitu kingine cha kumufanyia.